Ndugu ameshikwa na uhamiaji wa Marekani: nani anamlipa avoka, na familia ya Bukavu ifanye nini

Swali la msomaji wa Kadutu: "Mdogo wangu aliondoka Bukavu, akapita Brazil na Mexico, akafika Portland, jimbo la Maine, mwaka 2023. Aliomba hifadhi, fomu aliijaza kwa msaada wa rafiki, akawa anasubiri. Mwezi uliopita alienda kuripoti kwa ICE, idara inayoshika na kurudisha wahamiaji, kama kawaida, wakamshika. Tunaambiwa yuko Louisiana, lakini hatuna uhakika. Kuna mtu wa kwetu anayeishi Texas, anajiita 'juriste', anasema tukimtumia dola 2000 atampatia avoka wa serikali. Je, serikali ya Marekani inatoa avoka? Na sisi tulio huku tunaweza kusaidia nini?"

Dada, hizo dola 2000 zishikeni kwanza. Kwa kesi kama ya mdogo wako, Marekani haina avoka wa serikali ambaye mtu anaweza kwenda kumwombea. Anayewauzia hicho anauza kitu kisichokuwepo. Labda hata yeye mwenyewe anaamini anachosema, lakini pesa yenu itapotea vilevile.

Sheria yenyewe ni fupi. Kifungu cha 1362 katika kitabu cha 8 cha sheria za shirikisho kinasema mtu aliye mbele ya hakimu wa uhamiaji ana haki ya kuwakilishwa na wakili aliyemchagua, ila serikali hailipi. Sisi Wakongomani hilo linatuchanganya, kwa sababu kwetu katiba ya 2006, kifungu cha 19, inampa kila mtu haki ya kutetewa, na baro (vyama vya mawakili) zina ofisi ya ushauri wa bure ambayo inaweza kumpa maskini avoka wa kumsimamia. Wamarekani nao wanatoa avoka wa bure, lakini kwa kesi za jinai. Mwizi wa gari atapewa. Kesi ya kumrudisha mtu kwao wanaiita ya kiraia, hata kama mtu huyo ameletwa mahakamani na pingu mikononi. Hakimu wake pia hayuko katika mahakama huru: anafanya kazi katika idara inayoitwa EOIR, ndani ya Wizara ya Sheria. Na upande wa ICE haukosi avoka hata siku moja.

Matokeo yake yanajulikana. Utafiti wa Ingrid Eagly na Steven Shafer, uliotoka mwaka 2015 na kuangalia kesi za 2007 hadi 2012, ulikuta asilimia 37 tu ya wahamiaji walikuwa na wakili. Kwa wale waliofungwa ilikuwa asilimia 14.

Kuna vighairi vichache. Waliofungwa wenye ugonjwa mkubwa wa akili, wasioweza kujitetea, wanapata mwakilishi katika majimbo ya California, Arizona na Washington, kutokana na kesi ya Franco ya mwaka 2013. New York ilianzisha mwaka huohuo mpango wa kulipia mawakili wa wahamiaji waliofungwa, na miji na majimbo mengine yameiga kwa viwango tofauti. Huko nyuma kulikuwa pia na mpango wa serikali wa kuwapa wafungwa maelezo ya sheria ndani ya vituo, lakini ulikatizwa mwaka 2025. Kwa hiyo msingojee mtu aje kumweleza mdogo wenu haki zake mle ndani. Hakimu anapaswa kumwambia kwamba ana haki ya wakili na kumpa orodha ya mashirika ya bure, na hapo ndipo mchango wa serikali unapoishia.

Mashirika hayo ya bure ndiyo tumaini lenu la kwanza, na ni lazima mjue yanavyofanya kazi. Yana mawakili wachache na simu nyingi mno. Yanachagua. Na yanapochagua hayaangalii nani ameteseka zaidi ya mwingine, kwa sababu karibu wote wameteseka. Yanaangalia ni dosie (faili ya kesi) gani wanaweza kuishika kwa muda uliobaki kabla ya tarehe ya mahakama. Dosie iliyopangwa, yenye namba, tarehe, vyeti na tafsiri, inaweza kuchukuliwa wiki hiyohiyo. Simu ya kilio isiyo na namba inawekwa kando. Ndiyo maana kazi ya familia iliyo Bukavu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, na haihitaji dola 2000.

Namba kwanza

Kila mhamiaji mwenye kesi ana namba inayoanza na herufi A, yenye tarakimu tisa. Kama karatasi inaonyesha nane tu, ongezeni sifuri mwanzoni. Namba hiyo iko juu ya karatasi ya kuitwa mahakamani, iko kwenye barua zote za mahakama, na kama alikuwa na kadi ya kazi, ile iliyoandikwa "USCIS#" ndiyo hiyohiyo. Rafiki aliyekuwa akiishi naye Portland aingie chumbani leo, apige picha kila karatasi, mbele na nyuma, halafu azihifadhi zenyewe mahali pakavu. Na asiache kufungua sanduku la barua, kwa maana mahakama inaweza kuendelea kutuma kwenye anwani ya zamani.

Kumtafuta alipo, ingieni locator.ice.gov. Mkiwa na namba ya A na nchi aliyozaliwa, jibu linakuja haraka. Mkiwa na jina tu, hapo ndipo Wakongomani wanapokwama. Mtambo unataka jina lifanane kabisa na walivyoliandika wao, na majina yetu matatu wao wanayalazimisha kuwa mawili. Mtu anayeitwa Mushagalusa Bahati Jean anaweza kuwa ameandikwa Jean kama jina la kwanza na Mushagalusa Bahati kama la ukoo, au Bahati Jean na Mushagalusa, au kinyume chake. Jaribuni yote. Upande wa nchi, kuna Kongo mbili kwenye orodha, yetu na ya Brazzaville, na ofisa aliyechoka huchagua yoyote. Tena wanauliza nchi aliyozaliwa, wala si uraia: aliyezaliwa kambini Tanzania au Bujumbura, mtafute huko. Na kama alisafiri na pasipoti ya Angola, kama wengi wanavyofanya wanapoelekea Brazil, jaribuni Angola pia, halafu avoka aambiwe ukweli wote kuhusu pasipoti hiyo siku ya kwanza. Akihamishwa kituo, jina linaweza kupotea kwa muda. Jina kutoonekana hakumaanishi amekwisha kurudishwa.

Tarehe ya mahakama inaonekana acis.eoir.justice.gov, kwa namba ya A na uraia. Hapo mtaona siku, mahali, hakimu, na kama kuna hukumu. Angalieni kila asubuhi, kwa sababu kesi za waliofungwa zinakwenda mbio na tarehe zinasogezwa bila kelele. Lakini namba hiyo isizunguke kwenye vikundi vya WhatsApp vya ukoo na kanisa. Yeyote aliye nayo anaweza kusoma hali ya kesi, na matapeli wanaitumia hivyo: wanakupigia, wanakutajia tarehe na jina la hakimu, unafikiri wana mtu ndani. Hawana mtu. Wamesoma ukurasa uleule unaoweza kuusoma wewe.

Nani anaruhusiwa kumsimamia

Wako wa aina mbili hasa. Wa kwanza ni avoka mwenye leseni ya jimbo lolote la Marekani. Sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho, kwa hiyo avoka wa Maine anaweza kusimama mbele ya hakimu wa uhamiaji wa Louisiana, na mara nyingi anafanya hivyo kwa video bila kusafiri. Wa pili ni mwakilishi asiye avoka, anayefanya kazi katika shirika lililotambuliwa na Wizara ya Sheria. Hawa wana ngazi mbili: wenye idhini ya sehemu wanaishia kwenye ofisi za uhamiaji tu, wenye idhini kamili ndio wanaoweza kuingia mahakamani. Muulizeni ni ya ngazi gani, na mtafute jina lake kwenye orodha ya EOIR.

Sheria inaacha pia mlango mdogo kwa mtu mwenye sifa njema anayemfahamu mhusika tangu zamani, kama pasta wake, asimame naye bila malipo hakimu akikubali. Ni heri kuliko kusimama peke yake, lakini pasta hajui sheria.

"Juriste" hayumo. Notari wa Marekani hayumo pia. Kazi yake ni kushuhudia sahihi na kugonga muhuri, basi. Hata avoka wa baro ya Sud-Kivu, awe mzuri namna gani, hawezi kumwakilisha mtu katika mahakama za kule, ingawa anaweza kuwasaidia sana kukusanya vyeti. Avoka wa kweli anathibitishwa kwa dakika tano: mwombeni jina kamili, jimbo lililompa leseni na namba ya leseni, halafu tafuteni kwenye tovuti ya baro ya jimbo hilo. Lazima ionyeshe kwamba leseni iko hai. EOIR nayo inaweka hadharani orodha ya mawakili waliosimamishwa au kufungiwa. Mtu akikasirika kwa kuombwa namba ya leseni, mmeshapata jibu.

Kutafuta kwenyewe kuanzie kwenye orodha ya mashirika ya bure ya EOIR, ile ya mahakama inayosikiliza kesi yake sasa, kwa sababu imepangwa kwa jimbo na mahakama. Halafu immigrationlawhelp.org, ambako mnaweza kuchuja kwa jimbo na kwa mashirika yanayopokea waliofungwa. Na kwa kuwa aliishi Maine, pigieni ILAP, shirika la Portland. Mji ule ulipokea mamia ya Wakongo na Waangola mwaka 2019, hadi manispaa ikafungua ukumbi wa michezo wa Expo kuwalaza, na watu wa kule wanazijua dosie za kwetu. Yeye mwenyewe, mle kizuizini, anaweza kupiga bure kwa mashirika yaliyo kwenye orodha. Aombe maelekezo ya simu hizo, yanabandikwa karibu na vibanda vya simu.

Mnapopiga au kuandika, msianze na historia ya vita ya Kivu. Ujumbe wa kwanza uwe mistari michache, kwa Kiingereza, na uwe na mambo haya: majina yote kama ICE ilivyoyaandika, namba ya A, kituo alichomo, tarehe ya mahakama inayofuata na jina la hakimu, tarehe aliyoingia Marekani na namna aliyoingia, kama fomu ya hifadhi, I-589, iliwekwa, lini na wapi, kama amewahi kushtakiwa kwa kosa lolote, lugha anayoisema vizuri zaidi. Mwishoni, mstari mmoja wa anachoogopa na simu ya mtu mmoja, mmoja tu, aliye Marekani. Familia ambayo inapiga kupitia watu sita, kila mmoja na maelezo yake, inachosha ofisi na inaonekana kama haielewani.

Tarehe ya I-589 muitafute kwa nguvu. Ombi la hifadhi linatakiwa liwekwe ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia, na avoka atauliza hilo kabla ya kitu kingine. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliweka pia ada ya dola 100 kwa ombi na nyingine ya dola 100 kwa kila mwaka ombi linaposubiri. Mwombeni avoka aangalie kama dosie yake inadaiwa.

Na hesabuni saa. Bukavu iko mbele ya Louisiana kwa saa saba wakati wa kiangazi chao na saa nane wakati wa baridi. Ofisi ikifunguliwa saa 9 asubuhi kule, kwenu ni saa 16 au 17 jioni.

Dosie inayotengenezwa Bukavu

Hapa ndipo msikimbie. Hakimu wa Marekani, tangu sheria ya REAL ID ya 2005, anaweza kumkataa mtu kwa sababu ya kupingana kokote katika maelezo yake, hata kwa jambo la pembeni. Tarehe ya kuzaliwa ya mtoto ikitofautiana kati ya fomu na akti, hiyo ni hoja mikononi mwa avoka wa ICE. Kwa hiyo kabla ya kutuma lolote, pateni nakala ya I-589 yake na muisome na mtu anayejua Kiingereza. Kisha kila cheti mnachotaka kutuma kilinganishwe nayo: majina, tarehe, mtaa, shule, chama. Mkikuta tofauti, msifiche na msibadilishe cheti. Mwambieni avoka, kosa lililotangulia kuelezwa ni dogo kuliko lililogunduliwa na upande wa pili.

Vinavyosaidia ni akti ya kuzaliwa au cheti cha ubatizo, karte ya mpigakura, karte ya chama au ya shirika la raia kama alikuwa nayo, karatasi ya hospitali yenye tarehe na jina la daktari, konvokasion (barua ya wito) ya polisi au ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), picha, na maandishi ya mashahidi. Visivyosaidia ni vyeti vipya vinavyotoka wiki hii kwa bei ya haraka. Konvokasion iliyotengenezwa nyuma ya soko inaonekana, na moja ya bandia inaua kumi za kweli. Kwa ombi la hifadhi, uongo wa makusudi unaweza kumfungia mtu milango yote ya uhamiaji maisha yake.

Bukavu ina shida yake ya pekee tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini: ofisi nyingi zilibadilisha wakubwa. Cheti cha 2022 na cha 2025 kinaweza kuwa na muhuri wa watu wawili tofauti kabisa. Hakimu aliye Louisiana hajui hilo. Kwa kila karatasi, andikeni kando mstari mmoja: ilitolewa lini, na ofisi gani, wakati huo mji ulikuwa chini ya nani, na ninyi mliipata vipi. Avoka atafurahi kuliko mkimpa karatasi ishirini bila maelezo.

Ushahidi wa watu wa nyumbani, majirani na mapasta hauhitaji notari. Sheria ya Marekani inakubali tamko lisilo la kiapo, ilimradi liwe na tarehe na sahihi, na mtu aandike kwamba anatamka chini ya adhabu ya uongo, kwa sheria za Marekani, kuwa aliyoyasema ni kweli. Aambatanishe nakala ya karte yake. Aandike aliyoyaona kwa macho yake, lini na wapi, na aliyoyasikia aseme aliyasikia kwa nani. Kosa linalorudiwa sana ni kumpa mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri aandike ya wote. Yanatoka matamko matano yenye sentensi zilezile, na avoka wa ICE anayasoma moja baada ya lingine mbele ya hakimu. Kila mtu aandike kwa mkono wake, kwa Kiswahili au Kifaransa chake, hata kama ni mistari kumi tu.

Halafu tafsiri. Chochote kisicho cha Kiingereza hakiingii mahakamani bila tafsiri kamili. Si lazima mfasiri awe wa kuapishwa. Lazima aandike kwa mashine na kusaini kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni ya kweli na sahihi kadiri ya uwezo wake, pamoja na jina, anwani na simu. Mwalimu wa Kiingereza wa chuo kikuu anaweza kufanya hivyo, na ni nafuu mno kuliko kampuni ya Marekani. Ila muhuri nao utafsiriwe, na maandishi ya mkono pembeni pia. Tafsiri ya nusu inarudishwa. Hakimu anaweka siku ya mwisho ya kupokea ushahidi, na karatasi nzuri iliyochelewa inaweza kukataliwa.

Dhamana, na njia nyingine ya kutoka

Mtaulizwa kuhusu "bond". Ni dhamana ya pesa ili asubirie nje, na hakimu akiikubali haiwezi kuwa chini ya dola 1500. Ninyi wa Bukavu hamtailipa moja kwa moja. Inalipwa na mtu aliye Marekani mwenye hadhi halali, na risiti inakuwa kwa jina lake, kwa hiyo chagueni mtu ambaye mtamwamini na pesa hiyo hadi kesi iishe.

Lakini msikusanye pesa hiyo kabla ya kumsikia avoka. Septemba 2025 baraza la rufaa za uhamiaji, BIA, liliamua katika kesi ya Yajure Hurtado kwamba walioingia bila kupita kwa ofisa wa mpaka hawawezi kupewa dhamana na hakimu wa uhamiaji. Majaji wa mahakama za shirikisho wamegawanyika juu ya uamuzi huo, na jibu linategemea njia aliyoingilia mdogo wako na jimbo alimofungwa. Kwa wengi njia iliyobaki ni ombi la habeas corpus, yaani kumtaka jaji aangalie kama kumfunga ni halali, katika mahakama ya shirikisho ya eneo lile lile alimozuiliwa. Na hapa ile ruhusa ya avoka wa jimbo lolote haitoshi tena, maana mahakama hiyo ina orodha yake ya mawakili. Muulizeni waziwazi: "Unafanya habeas katika wilaya hii, au unaye mwenzako anayefanya?" Ni swali ambalo linawatenga wanaofanya kazi hii kila siku na wanaojifunza kwa pesa yenu.

Wakati huo yeye, mle ndani, asisaini karatasi ya kukubali kuondoka au kuachilia kesi bila kuisoma na mtu wa sheria. Uchovu wa kizuizini umewafanya wengi wasaini. Mahakamani, siku ya kwanza, akiwa hana wakili, aseme: "Naomba muda wa kutafuta avoka." Hakimu anaweza kuahirisha kwa sababu ya msingi, na mara ya kwanza wengi wanakubaliwa. Mara ya tatu bila kuonyesha majina ya ofisi alizozipigia, ni vigumu. Basi aandike kila simu: tarehe, shirika, alichojibiwa.

Mkipata avoka wa kulipwa, mkataba uwe wa maandishi na useme anafanya kipi: dhamana tu, kesi nzima, rufaa, habeas. Kila kimoja ni kazi tofauti na bei tofauti. Fomu yake ya kujiandikisha mahakamani ni EOIR-28, na inaweza kujazwa kwa dhamana peke yake. Familia nyingi zimekaa zikidhani zina avoka wa kesi, kumbe alikuwa wa dhamana na kazi yake iliisha siku hakimu alipotoa jibu. Ombeni nakala ya fomu hiyo, na msome ni kisanduku gani kimewekwa alama. Benki za Bukavu zilipofungwa, pesa ilihamia kwenye simu na kwa ndugu wa nje, na hilo halina ubaya. Ubaya ni pesa kuingia kwenye akaunti ya mtu binafsi. Ndugu aliye Marekani ailipe ofisi yenyewe na risiti ibebe jina la ofisi.

Msishangae avoka akikataa kuwaeleza mambo. Hata mkilipa ninyi, mteja ni mdogo wenu, na siri ni zake. Akiandika kwamba anaruhusu dada yake aelezwe, mlango unafunguka. Na simu zake za kawaida na ninyi zinarekodiwa. Salamu, afya, watoto, sawa. Habari za kesi ziishie kwa avoka.

Mkalimani, rufaa

Mahakamani mkalimani ni bure, hilo serikali inalipa. Shida ni aina ya Kiswahili. Wakalimani wengi ni Wakenya na Watanzania. Mtu wa Kadutu anayehesabu saa kwa Kifaransa akisema walikuja "saa mbili ya usiku", mkalimani wa Dar es Salaam anasikia saa 20, na kwenye fomu imeandikwa saa 2 za usiku wa manane. Hakimu anaona mtu amebadilisha maneno. Aombe tangu mwanzo Kiswahili cha Kongo, au Kifaransa kama anakimudu vizuri, au Mashi kama ndiyo lugha yake. Asipomwelewa mkalimani aseme palepale, kwa sauti, ili ibaki kwenye rekodi. Akitikisa kichwa kwa heshima, rekodi itaonyesha ameelewa.

Akishindwa, hakimu atauliza kama anahifadhi haki ya kukata rufaa. Ajibu ndiyo. Kwa miaka mingi muda ulikuwa siku 30, lakini msitegemee idadi mliyoisikia kwa mtu, kwa sababu kanuni hizi zinabadilishwa; tarehe ya mwisho inaandikwa kwenye karatasi ya hukumu yenyewe, na hiyo ndiyo ya kufuata. Fomu ni EOIR-26, na inahesabiwa siku inapofika BIA, hata kama posta iliipokea wiki moja kabla. Ada yake ilikuwa dola 110, sheria ya Julai 2025 ikaipandisha kupita 900. Asiye na uwezo anaambatanisha fomu EOIR-26A kuomba asamehewe. Na kama avoka wa kwanza aliharibu kesi, kuna utaratibu tangu kesi ya Lozada ya 1988: mteja anaandika tamko la makubaliano yao, anamjulisha avoka huyo ili ajibu, na analalamika kwenye baro ya jimbo lake au anaeleza kwa nini hakulalamika. Ndiyo sababu ya kutunza mkataba na kila risiti. Mtu wa Texas hangewapa hata kimoja.